Mvua, 442 ya jirani na safari ya Woodward: nenda, ila usukani mwachie mzee

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi ni mtu wa Tanga, niko Lansing, Michigan, mwaka wa pili huu. Jirani yangu ni mzee mstaafu wa kiwanda cha Oldsmobile, ana gari yao moja ya zamani, 442 ya mwaka 1970, kanialika Jumamosi twende naye Woodward Dream Cruise, yale matembezi ya gari za zamani kwenye barabara ya Woodward, na kasema wakati wa kurudi ataniachia niendeshe. Sasa utabiri unaonyesha mvua karibu siku nzima. Mke wangu anasema nitoe udhuru. Niende? Nikienda nibebe nini, na hawa watu gari za bei ile zikinyeshewa wanafanyaje?

JIBU:

Ndugu yangu, nenda. Shemeji mwambie nimesema mimi. Ila hiyo ya kuachiwa usukani wakati wa kurudi, kama lami bado mbichi ikatae, tena ikatae mapema kabla hamjatoka nyumbani, maana mzee akikupa funguo mbele za watu utaona aibu kusema hapana na utakaa kwenye kiti cha dereva huku roho inakwambia shuka. Hapo ndo nitakaa sana, mengine yote ni madogo madogo.

Kwanza ujue umealikwa kwenye kitu gani. Mzee wa Oldsmobile kukupakia kwenye 442, tena hapo hapo Lansing, huo sio mwaliko wa kutolea udhuru kwa ajili ya mvua. Oldsmobile imezaliwa mji huo unaoishi wewe, Ransom Olds aliianzisha 1897, na gari yake ya mwisho imetoka kiwandani hapo Lansing Aprili 2004, yaani mzee ana gari ambayo kampuni iliyoitengeneza imeshazikwa na yeye bado anaiosha kila wiki. 442 yenyewe ilianza 1964, mwaka ule ule kampuni ya Pontiac walipotoa gari ya GTO na mchezo wote wa gari za nguvu ukawaka. Zile namba mwanzoni zilikuwa na maana yake, kabureta ya midomo minne, gia nne za mkono, egzosi mbili. Ya 1970 ndo wakaitia injini ya inchi za ujazo 455, kama lita 7 na nusu hivi, farasi 365 kwa hesabu za kiwanda za enzi zile, ambazo zilikuwa na chumvi kidogo maana walikuwa wanapima injini ikiwa tupu bila mizigo yake yote, mpaka 1972 ndo wakaanza kupima kiungwana. Na mwaka huo huo wa 1970 ni 442 iliyotangulia mbele ya magari kwenye mashindano ya Indianapolis 500. Kwahiyo ukiingia ndani futa viatu.

Sasa njoo kwenye mvua. Chukua hizo lita 7 na nusu, zote chuma, ziweke mbele ya gari. Gari nzima ina kama kilo 1,700 na uzito mwingi umeegemea mbele, lakini nguvu inatoka magurudumu ya nyuma, ambayo nyuma yake kuna buti tupu na tairi ya spea. Hakuna ABS ya kuzuia breki zisifunge magurudumu, hakuna kompyuta ya kukupunguzia moto tairi zikiteleza, kuna mguu wako tu na akili yako. Afu nyingi za hizi zina ile difu inayofunga magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, kwenye lami kavu ni raha tupu, kwenye lami mbichi ukikanyaga kidogo yanateleza yote mawili kwa pamoja na mkia unatoka kabla hujajua kimetokea nini.

Hii sikwambii kwa kusoma. Mwaka wangu wa tatu huku Michigan niliachiwa gari ya mteja, ya miaka ile ile, niipeleke kilomita mbili tu. Manyunyu yameanza kama dakika tano zilizopita, na hizo dakika za kwanza ndo mbaya kuliko zote, maana mafuta yaliyomwagika barabarani wiki nzima yanaelea juu ya maji kabla hayajasombwa. Si unajua Michigan barabara kubwa nyingi huwezi kukata kushoto kwenye taa, unapita taa kwanza afu unageuza kwenye kile kipenyo cha katikati unarudi? Nikageuza taratibu, sina haraka, nikaona nafasi, nikakanyaga mafuta kama ninavyokanyaga kwenye Corolla yangu. Gari ikanizunguka. Taratibu kabisa, kama feni inayozimika, nikaona duka la donati, nikaona taa, nikaona duka la donati tena, mpaka gurudumu la nyuma likagonga ukingo wa barabara likasimama. Rimu ikapinda, gharama nikalipa mimi, na mteja hakunisemesha mwaka mzima. Na Woodward imejaa vipenyo hivyo hivyo kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Kabla ya Jumamosi fanya kitu kimoja kwa heshima. Nenda kamsaidie mzee kuipiga polishi au kuifuta, na ukiwa pale chini angalia ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, namba nne za mwisho. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwahiyo 2311 maana yake wiki ya 23 mwaka 2011. Hizi gari zinatembea maili chache kwa mwaka, kwahiyo tairi zinazeeka kabla hazijaisha, unaziona zina kashata nene kabisa za kupendeza na herufi nyeupe zinang'aa, lakini mpira umeshakuwa mgumu kama soli ya kiatu cha jeshi. Zikiwa kavu zinashika shika, zikilowa ni sabuni. Wengine ndo balaa zaidi, wanaweka tairi za nakala ya zile za zamani zenye nyuzi za mshazari ili gari ionekane kama ilivyotoka kiwandani, hizo kwenye maji zinafuata kila mfereji wa barabara, usukani unabishana nao njia nzima. Ukikuta namba inasema tairi zina miaka kumi na kitu, usimwambie mzee "tairi zako mbovu", muulize tu hizi ulizinunua lini, atajua unauliza nini.

Breki nazo. Gari za miaka ile nyingi zilitoka na dramu magurudumu yote manne, diski za mbele ulikuwa unaongeza hela. Dramu ikiingia maji, lainingi inakuwa kama imepakwa mafuta, unakanyaga na hakuna kinachotokea, afu gurudumu moja linakauka kabla ya mwenzake na gari inavutwa upande mmoja kwa nguvu. Madereva wa lori wa zamani kwetu wanalijua hili, ukivuka dimbwi unagusa breki kidogo kidogo huku unatembea mpaka zipate joto zikauke. Ukimuona mzee anafanya hivyo usishtuke ukadhani kuna kitu, ndo ujue uko na dereva.

Kuna kingine watu hawakifikirii, ukungu wa ndani ya kioo. Watu wawili mna nguo mbichi, mnapumua, madirisha yamefungwa, na kile kifeni cha kupuliza kioo kinapiga kelele nyingi hewa kidogo, dakika kumi hamuoni kitu. Hapo wewe abiria ndo una kazi. Beba kitambaa safi kikavu cha kufutia kioo kwa ndani, laini, kiwe kipya, na mfutie mzee upande wake bila kungoja aombe. Mkanda pia ufunge vizuri, kwenye gari za umri ule wa kiunoni na wa begani ni mbali mbali, ule wa begani wengi wanauacha umening'inizwa kule juu darini mwaka mzima, muulize akushushie. Wipa za gari yake ni za umeme, afadhali. Kuna gari za zamani zaidi ambazo wipa zinaendeshwa na mvuto wa hewa wa injini, ukikanyaga mafuta kupanda mlima au kupita lori mvuto unaisha na wipa zinasimama, yaani muda unaohitaji kuona ndo muda zinapumzika, ukiachia mafuta zinaanza kupiga kama zimechanganyikiwa. Nimewahi kupanda moja hiyo, nilishuka nimelowa jasho kuliko mvua.

Na njia. Kutoka Lansing mpaka Woodward ni kama saa moja na nusu kwa barabara kuu ya I-96, na kwenye mvua malori pale yanakurushia maji kama ndoo. Kuna Grand River, ile barabara ya zamani inayokwenda Detroit karibu sambamba nayo, inachelewesha lakini mwendo ni wa kistaarabu. Mzee wa Lansing anaijua kuliko mimi, mpendekezee tu halafu nyamaza.

Haya, mmefika. Dream Cruise ilianza 1995 pale Ferndale, watu wanatafuta hela ya kujengea kiwanja cha mpira wa watoto, na sasa ni Jumamosi ya tatu ya Agosti kila mwaka, Woodward yote kuanzia Ferndale mpaka mji wa Pontiac, kama maili 16. Walichagua barabara hiyo kwa sababu vijana wa miaka ya hamsini na sitini walikuwa wanazunguka hapo usiku kushindana taa hadi taa, na wahandisi wa viwanda nao walikuwa wanakuja kinyemela kujaribu kazi zao. Hakuna geti wala tiketi, ni barabara ya umma, unakaa pembeni na kiti chako cha kukunja unaangalia gari zinapita. Siku ya jua watu ni wengi mpaka foleni haisogei, na hapo ndo V8 kubwa zinachemka, unaona boneti zimefunguliwa pembeni mvuke unatoka. Kwahiyo mvua ina faida yake hapo, rejeta inapumua. Shida inahamia kwenye umeme: kofia ya distributa ikiingia unyevu, au waya za plagi zimechoka, injini inaanza kumisi, inakohoa, afu inakata moto katikati ya taa. Kopo la WD-40, ile dawa ya kupuliza, utaliona linatembea kutoka gari hadi gari siku hiyo, na ndo kazi yake hasa, zile herufi mbili za mwanzo zinatokana na maneno ya kufukuza maji.

Umeuliza wanafanyaje zikinyeshewa. Wanagawanyika. Kuna wale wa trela, gari haijawahi kuguswa na tone, hao hutawaona kabisa, wakiona wingu kwenye simu wanabaki nyumbani. Na mi siwalaumu, ukiwa na gari yenye injini na gia boksi za kuzaliwa nayo na rangi imemaliza mshahara wa miaka miwili, huendi kucheza na radi. Kuna wanaokuja wakiona wingu wanakimbilia chini ya paa la kituo cha mafuta, unakuta pampu mbili zimezibwa na Chevelle na Charger na mwenye kituo anacheka tu. Na kuna wale wanaoendesha. Hao ndo wa kwenda kuwaona. Wanachoogopa kwa kweli ni mvua ya mawe, maji hawayaogopi sana, maana Agosti hakuna chumvi barabarani, ni maji tu na yatakauka. Chumvi wanayomwaga barabarani majira ya baridi kuyeyusha barafu ndo imeua hizi gari, zilizopona ni zile zilizofungiwa kuanzia Novemba mpaka mvua za Aprili zimeosha barabara.

Na siku ya mvua ndo utajifunza gari. Siku ya jua zote zinang'aa, zote nzuri, mwenye nayo amezungukwa na watu hamsini hana muda na wewe. Ikinyesha amekaa ndani peke yake au chini ya hema na kahawa yake, amechoka kukaa, ukimsogelea na swali moja la maana atakupa saa nzima. Na maji yanasema ukweli. Mustang za mwanzo mwanzo, zile za 1965 na kuendelea, muombe mwenyewe akuonyeshe mkeka wa miguuni: pale chini ya kioo cha mbele kuna sehemu ya kuingizia hewa, ndani yake kuna bati lililokuwa linaoza kimya kimya kwa sababu majani yanaziba tundu za kutolea maji, kwahiyo mvua inadondoka moja kwa moja kwenye viatu vya dereva. Niliwahi kumkuta bwana mmoja kaweka kopo la rangi pembeni ya kanyagio la klachi, linadondokea tone, tone, tone, na yeye anasoma gazeti. Kwenye gari za GM, yaani General Motors waliokuwa na Oldsmobile, kama ya mzee wako angalia pembe za chini za kioo cha nyuma, hasa kama paa limevikwa vinaili, maji yanakaa chini ya ile ngozi miaka na miaka, kwa juu ni safi kwa chini ni kutu, na yanaishia kwenye buti. Ukiona mzee anafungua buti anapapasa zulia kwa kiganja, ujue anatafuta hicho.

Adabu sasa, fupi. Mwavuli acha nyumbani, narudia, acha nyumbani. Ncha za mwavuli ziko usawa wa macho ya watu na vile vyuma vikigusa rangi ya mtu utaonja kingereza ambacho hukufundishwa shuleni. Vaa koti la mvua lenye kofia, na liwe halina zipu iliyotokeza wala usivae mkanda wenye kifungio kikubwa cha chuma ukapita kwenye nafasi nyembamba kati ya gari mbili. Usimfutie mtu gari yake eti unasaidia, maji ya mvua yana vumbi ndani yake, kitambaa chako kinageuka msasa. Bei usiulize. Uliza alikuwa nayo tangu lini, uliza injini ndo ile iliyozaliwa nayo, hilo swali la pili litamfurahisha au litamfanya atafute maneno, vyote viwili utajifunza kitu. Na utani wetu ule wa "hapa ungeweka injini ya Toyota" utunze kwa ajili ya washkaji.

Pa kusimama: usikae sehemu ambapo gari zinatoka kwenye maegesho kuingia barabarani. Kila mwaka, sehemu yoyote yenye mikusanyiko hii, kuna kijana atataka kuondoka kwa kishindo, na kwenye maji kishindo kinaisha kwenye watu. Kaa upande wanaoingilia, na kuwe na kitu kigumu mbele yako, nguzo au mti. Ila radi ikianza mti uache, ingia ndani ya gari yenye paa la bati, ya turubai haihesabiki.

Halafu, mzee akiamka Jumamosi akaangalia mawingu akasema hatuendi, usimshawishi hata kidogo. Gari zinazunguka Woodward wiki nzima kabla ya hiyo Jumamosi, kwahiyo kama Alhamisi jioni ni kavu mwambie mchomoke mwende siku hiyo, kuna watu wanapenda hizo jioni kuliko siku yenyewe. Na Novemba kuna maonyesho makubwa ya gari hizi Rosemont, pale jirani na Chicago, ndani ya jumba, hakuna tone. Mi huwa naenda, gari ni safi mno, nakosa harufu ya petroli.

(Mtu wa Tanga nisimalize bila hili: 1964 Ford walileta Mercury Comet zenye V8 kwenye East African Safari, wakidhani nguvu itatosha. Nyingi hazikufika mwisho, na aliyeshinda alikuwa na Cortina ndogo. Mwambie mzee wako, ila ngoja mvua iishe kwanza, na kwa kuwa yeye ni mtu wa GM atacheka sana Ford wakisemwa.)

Mkirudi kazi haijaisha. Asiifunike ikiwa mbichi, turubai juu ya maji ni kuipika rangi. Ingieni gereji, fungueni milango, boneti na buti, nyanyueni mikeka, na ile mashine ya kupuliza majani aliyonayo kila mzee wa Michigan ndo inakausha vizuri, kwenye mikunjo ya kromu, kwenye vioo vya pembeni, kwenye nafasi za mipira ya milango. Wewe shika taa, yeye apulize. Na hiyo namba ya tairi ukiisoma niandikie, nijue kama hata hiyo ya kukaa kiti cha abiria niifikirie upya.